Kitu Usichokitaka Utampelekea Nani? Habari ya Sanduku la Santuri



Mwezi huu napenda tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, wala halistahili nafasi katika gazeti la sharika zetu. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiwa na kitu asichokitaka tena, yampasa kukiondoaje? Tangu utoto tumefundishwa namna ya kupata vitu: kwa kazi, si kwa wizi, kwa bei ya haki, si kwa hila. Lakini namna ya kuachana navyo ni wachache waliofundishwa. Twadhani kitu kikiisha kuvuka kizingiti cha nyumba, habari yake imekwisha. Nami nalidhani hivyo, hata nilipopata sanduku la santuri, likanifundisha kwa aibu.

Kaka yangu mkubwa alikaa Mbeya miaka mingi, akafa huko. Msiba ulipokwisha kuondolewa, na wageni kwenda zao, mjane wake aliniita chumbani akanionyesha sanduku la mbao lililokuwa chini ya dirisha. Akaniambia, “Shemeji, nakuomba ulichukue hili. Kila nikifagia hulisogeza, na kila nikilisogeza hulia.”

Nikalifungua. Ndani mlikuwa na santuri 58 za namna tatu. Za chini kabisa zilikuwa za baba yetu, nzito na nyeusi, za kupigwa kwa gramafoni ya kutiwa ufunguo. Baba alikwenda ujanani kuchimba dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya, kisha akaenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Naye kama wenzake wengi akarudi na gramafoni kichwani na blanketi begani. Za katikati zilikuwa santuri ndogo za bendi za dansi, alizozinunua kaka alipokuwa kijana. Za juu zilikuwa santuri kubwa za kwaya za Kijerumani, alizopewa na mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Gramafoni yenyewe ilikuwa imekufa zamani.

Mwana wa kaka akasema, “Baba mdogo, tuzichome uani leo hii, Mama apate kupumzika.” Jirani mmoja akasema, “Ziuzeni, Wazungu huzitaka.” Mimi nikajiona mwenye hekima kuliko wote. Nikalitia sanduku katika basi, tukapita Makambako na Mafinga hata Iringa. Nyumbani nikachagua santuri 17 zilizokuwa safi, nikajiwekea. Hizo nyingine 41, zenye ukungu, zilizopindika na zilizovunjika, nikazifunga kwa kamba nikawapelekea vijana wa usharika mmoja wa jirani. Nikasema, “Vijana wangu, nimewaletea santuri.” Wakapiga makofi, mzee mmoja akaomba, nami nikarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyelipa deni.

Baada ya mwaka mmoja nilipita hapo tena. Mlezi wa vijana akanichukua kando, akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwalimu, utusamehe. Zile santuri zipo bado ghalani, mvua imezipata. Hatuna mashine ya kuzipigia, na nafasi hatuna. Lakini twaona haya kuitupa zawadi yako. Tuzifanyeje?”

Ndugu zangu, maneno yale yalinichoma. Nalijua ya kuwa sikuwapa zawadi. Naliwapa kazi niliyoikimbia mwenyewe, tena nikaifunika kwa jina la sadaka, hata wasiweze kuikataa. Shemeji yangu alikuwa mkweli: alisema, “Niondolee mzigo.” Mimi niliuhamisha mzigo uleule nikaupa jina zuri. Nikalichukua sanduku, nikaanza upya. Nayaandika haya niliyojifunza, kwa kuwa naamini ya kwamba katika nyumba nyingi kuna sanduku la namna hii, la santuri ama la kitu kingine.

Kwanza, hapana mahali paitwapo “nje.” Twasema, “Nimetupa nje,” lakini kila penye nje ya nyumba yangu ni ndani ya maisha ya mtu mwingine. Nikitupa bondeni, bonde lile ni njia ya maji yaingiayo Ruaha Mdogo, na chini yake wako watu wachotao. Nikichoma uani, moshi hauujui mpaka wa ua wangu. Basi kutupa si mwisho wa kitu. Ni kumpelekea mtu ambaye hukumwuliza. Hilo ndilo swali la kwanza la mtu mwenye kitu asichokitaka: Je, nampelekea nani?

Ili kujibu, hapana budi kujua kitu chenyewe kimefanyizwa kwa nini. Santuri si zote namna moja. Zile nzito za zamani, zizungukazo mara 78 kwa dakika moja, zilifanyizwa kwa shelaki, yaani utomvu wa mdudu mdogo wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Huvunjika kama chungu zikianguka. Namna hiyo ndiyo iliyotumika Siti binti Saad alipotoka Unguja mwaka 1928 kwenda Bombay kuimba, santuri zake zikaenea pwani na bara. Lakini mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi, na mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ikaleta ile ndogo ya mizunguko 45. Hizo zilifanyizwa kwa plastiki iitwayo vinili. Hazivunjiki upesi, ila hupindika kwa joto. Ukiiacha moja katika jua la dirishani, utaikuta imekuwa kama bati lililopigwa na upepo.

Vinili hiyo, karibu nusu ya uzito wake ni klorini. Ndiyo sababu kuichoma si jambo dogo. Ikiungua hutoa hewa ya asidi ichomayo macho na kifua, na katika moto wa uani, usio na joto la kutosha, huweza kuzaa sumu ziitwazo dioksini. Sumu hizo haziishi upesi: huanguka juu ya majani, ng’ombe huyala, nasi twazinywa katika maziwa. Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 juu ya sumu zidumuzo yanataja uchomaji wa taka mahali pa wazi kuwa mojawapo ya asili za sumu hizo. Tena ukiizika shambani haiozi. Mjukuu wako ataifukua kwa jembe, nzima na nyeusi kama ulivyoizika.

Hapa najua wako watakaosema, “Lakini nyimbo nyingine ni mbaya, na vitu vibaya huchomwa. Je, wale wa Efeso hawakuvichoma vitabu vyao vya uganga?” Nimeulizwa hivyo na mkatekista mmoja, nami namheshimu, kwa hiyo simjibu kwa dhihaka. Tukumbuke mambo mawili katika habari ile ya Matendo ya Mitume. Walichoma vitu vyao wenyewe, si vya marehemu ambaye hawezi kujitetea. Tena waliihesabu thamani yake, fedha hamsini elfu, yaani walijua wanachokiharibu. Sisi mara nyingi twachoma bila kujua. Santuri za kaka nilizodhani kuwa za ulevi, nilipozisikiliza, nyingine zilikuwa za pole kwa waliofiwa, nyingine zawaonya vijana waheshimu wazazi, nyingine zawasifu wakulima. Ziko pia ambazo nisingependa wajukuu wangu waziimbe. Lakini hata wimbo ukiwa mbaya, moshi wake haumdhuru mwimbaji. Wamdhuru mtoto wa jirani mwenye pumu. Anayetaka kuiharibu santuri na aivunje, yatosha.

Jambo la pili ni juu ya kutoa. Sisi watu wa makanisa twapenda kutoa, na ni vema. Lakini kutoa kwa kweli huanza na mahitaji ya apokeaye, na kutupa huanza na mahitaji ya atoaye. Kwa nje matendo hayo mawili hufanana kabisa: mikono ileile, sanduku lilelile, makofi yaleyale. Namna gani tutayatambua? Mimi sasa nina maswali matatu. Je, nimemwuliza kama anakitaka, kabla ya kukibeba? Je, anacho cha kukitumilia? Na je, nimemwachia njia ya kukataa bila haya? La tatu ndilo zito. Maskini hawezi kumkatalia mwalimu wake mstaafu. Kijana hawezi kumkatalia mzee. Kwa hiyo mwenye heshima yampasa kuufungua mlango wa kukataa yeye mwenyewe, aseme, “Nina vitu kadha wa kadha, vingi vimechakaa, msipovitaka sitachukia.” Zawadi isiyoweza kukataliwa ni kodi.

Basi je, tusitoe vitu vilivyotumika? La, sivyo. Kati ya zile 41 nilizozirudisha, 12 zilikuwa nzima, nami nalizidharau kwa sababu ya ukungu tu. Nalizisafisha. Yafaa ujue ya kwamba santuri ya vinili huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, kwa kitambaa kisichokwaruza, bila kulowesha karatasi ya katikati. Ile ya shelaki usiiguse kwa spiriti, maana spiriti huiyeyusha. Wala usiipige ya vinili kwa sindano ya chuma ya gramafoni ya zamani, kwani itailima kama plau. Baadaye nalipata mtu mmoja mjini mwenye mashine, nikamwuliza maswali yangu matatu, naye akanijibu, “Mwalimu, hizi sita nazitaka, na hizi sita sizitaki.” Sijapata kufurahi hivyo kwa kukataliwa. Nilijua ya kuwa zile sita alizozipokea zimepata kwao.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nikae usiku bila usingizi. Kitu chaweza kuwa takataka machoni pa mtu mmoja, na kwa watu wengine kiwe sauti ya mwisho iliyobaki. Santuri nyingi za bendi zetu zilishindiliwa Nairobi, kwa kuwa nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuzishindilia. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia ile ikazibwa, na nyimbo nyingi za miaka iliyofuata zikabaki katika kanda za Redio Tanzania huko Dar es Salaam. Kwa hiyo santuri ndogo iliyomo chini ya dirisha Mbeya yaweza kuwa mojawapo ya chache sana zilizosalia. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa nyimbo na ngoma, na za Wahehe zimo. Leo zimehifadhiwa katika nyumba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha huko Afrika Kusini mwaka 1954. Zimebaki kwa sababu mtu alizihesabu kuwa kitu. Wazee walioimba wamekwisha kufa.

Sisi wa Iringa tunajua jambo hili kuliko watu wengine. Mtwa Mkwawa alipokufa mwaka 1898 kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yaliamuru kirudishwe, lakini kikakaa huko miaka mingi, hata Gavana Twining alipokitafuta katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi yaliyopangwa kwa hesabu. Kikarudishwa Kalenga mwezi wa Juni 1954. Sisemi hata kidogo ya kuwa santuri ni sawa na fuvu la mtu. Nasema hivi tu: kile ambacho katika mji mmoja kilikuwa namba katika kabati, katika mji mwingine kilikuwa kilio cha kabila zima. Mwenye ghala si yeye ajuaye sikuzote thamani ya kilichomo ghalani mwake. Kwa sababu hii yampasa kuuliza kabla ya kukiondoa.

Atauliza wapi? Kwanza nyumbani. Nalimpelekea shemeji orodha ya majina ya nyimbo, naye akaichagua moja, akasema, “Hii isiende popote. Kaka yako aliipiga siku tulipoanza maisha.” Kama mwanawe angalizichoma siku ile, ingaliungua pamoja na nyingine, na sababu ingalikuwa upendo. Kisha auulize mji wake. Hapa Iringa liko Boma la zamani la Wajerumani, lililofunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho mwaka 2016 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Iringa. Mwenye kitu cha kale aweza kwenda huko kuuliza, naye apeleke orodha kwanza, si sanduku. Huko nako maswali yale matatu yafaa, kwa maana makumbusho si jaa.

Wapo watakaouza, na kuuza si dhambi. Ni kweli ya kwamba katika Ulaya na Marekani wako watu watafutao santuri za Afrika. Lakini mwuzaji na aseme kweli juu ya mikwaruzo, na mnunuzi asimpe mjane bei ya pipi kwa sababu hajui. Na kama santuri yaonekana kuwa adimu, ni vema sauti yake inakiliwe kwanza, ibaki kwetu kumbukumbu hata kama sahani yenyewe imevuka bahari. Nasema kumbukumbu, si biashara. Kwa maana wimbo una mwenyewe, na mwenye santuri si mwenye wimbo.

Hapa yanipasa kusikia neno la upande wa pili. Mtu aweza kusema, “Mwalimu, ukifanya hivi hutatupa kitu kamwe, na nyumba itajaa.” Neno hili lina haki. Kulundika nako si wema. Kaka yangu hakuweza kuachana na kitu, na machozi ya shemeji kila asubuhi yalikuwa matunda ya kulundika kwake. Kuweka akiba ni kujua ulicho nacho na sababu yake. Kulundika ni kuogopa kuchagua, na kumwachia mjane kazi hiyo. Kwa hiyo nawashauri wazee wenzangu: tuchague wakati tungali hai. Andika majina ya vitu, andika cha nani na kwa nini. Warithi wetu watatushukuru kuliko kwa maneno ya wosia mrefu.

Sasa, vipi vile vilivyokufa kweli, visivyopigika wala kutakiwa na mtu? Tofautisha kwanza. Majalada ya karatasi yaliyo makavu huweza kutumika tena kama karatasi nyingine. Shelaki iliyovunjika itengwe na vinili. Vinili usiichanganye na chupa za maji ziokotwazo kwa kuyeyushwa upya, maana vinili kidogo huharibu nyingi. Hapo ungemharibia kazi mwokotaji aliyekwisha kuchoka. Wako watengenezao saa za ukutani kwa santuri, nayo ni kazi nzuri. Lakini wengine huzipasha moto wakazikunja kuwa bakuli: hizo zisitiliwe chakula, kwa sababu katika vinili ya zamani mara nyingi mlitiwa risasi. Kitakachobaki baada ya hayo yote ni haki ya halmashauri ya mji, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeipa kazi ya kushughulikia taka. Kifunge vizuri, kiwe kikavu, kiende na gari la taka kwa siku yake. Si korongoni wakati wa usiku. Najua jaa la mji nalo si mahali pasipo lawama. Lakini ni mahali tulipokubaliana sote, penye msimamizi aulizwaye, na hii ni tofauti na bonde la jirani asiyekuwa na habari.

Basi nimalize kwa hesabu yangu, maana mwenye kuwahubiria wengine na afungue daftari lake. Katika zile 41, 12 zilikuwa nzima: sita zimekwenda kwa yule mwenye mashine, moja imerudi Mbeya kwa shemeji, tano nimeziandika majina na kuzinakili, nazo zangoja mtu wa kuzitaka. Ishirini zilikuwa zimepindika na kuchakaa. Fundi mmoja alikubali nane za saa, nikazichukua zile 12 alizozikataa bila kununa, zikaenda kwa gari la taka. Zimebaki tisa zilizovunjika, za shelaki, za baba yangu. Hazipigiki, hazitakiwi. Hizo ningali nazo chini ya kitanda changu, nami sijapata moyo wa kuziondoa. Huenda ni udhaifu. Lakini safari hii najua ni mzigo wa nani: ni wangu, nimeuandika katika wosia kwa jina lake, wala sijampa mtu nikauita zawadi.

Na vijana wale wa usharika? Nilikwenda kuwaomba radhi. Mlezi wao akacheka, akaniambia, “Mwalimu, sasa ghala lina nafasi, tumeweka viti.” Nilikaa katika kimojawapo.